Watani wa jadi wasiocheza ligi moja

(Hotuba niliyotoa kwenye mkusanyiko wetu wa wiki ya Thanksgiving hapa Atlanta, Novemba 2025. Wengi mliomba niiandike, basi nimeiandika vilevile nilivyoongea.)

Wazee wangu shikamooni, kaka zangu na dada zangu karibuni sana, na nyie wanafunzi mliokaa kule nyuma najua mitihani imewabana ila nivumilieni kidogo. Nimeambiwa niongelee kitu ninachokipenda, basi mi nimechagua futiboli ya vyuo ya hapa Marekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, tena sio yote, nataka niongelee zile mechi za watani wa jadi ambao kila mmoja yuko kwenye konferensi yake. Nimeichagua kwa sababu wiki hii ndo wiki yao. Ijumaa Georgia na Georgia Tech wanakutana hapahapa mjini, Jumamosi Clemson wanaenda Columbia kwa South Carolina, Florida State wanaenda Gainesville kwa Florida, Kentucky wanaenda Louisville. Mechi nne, na zote nne upande mmoja ni wa konferensi ya SEC upande wa pili ni wa konferensi ya ACC.

Na nina jambo moja la kusema kuhusu hizi mechi, nalisema mapema ili hata ukisinzia uwe umelisikia. Hakuna anayezilinda. Kamishna wa SEC ana mechi zake za ndani za kulinda, wa ACC vilevile, NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haimpangii mtu ratiba ya msimu. Mechi hizi zinachezwa kwa sababu watu wa majimbo hayo wamekataa zife, basi. Siku wakilegea zinaondoka, na kuna nyingine zimeshaondoka tukiwa tunaangalia.

Kwa wageni wa mchezo niseme harakaharaka. Konferensi ni kama ligi, vyuo vimeungana vinacheza vyenyewe kwa vyenyewe na vinauza haki za matangazo kwa pamoja. Kubwa kwa sasa ni nne, SEC, Big Ten, ACC na Big 12. Msimu wa kawaida ni mechi 12, SEC mwaka huu wanacheza 8 za ndani, Big Ten na Big 12 wanacheza 9, alafu zinazobaki kila chuo kinajitafutia, yaani mkurugenzi wa michezo wa chuo hiki anampigia simu mwenzake wa chuo kile wanaandikishana mkataba, mara nyingi miaka mingi kabla ya mechi yenyewe.

Sasa nyie wa Dar nisaidieni hapa. Dabi ya Kariakoo mwaka huu iliahirishwa tarehe 8 Machi, mnakumbuka nchi ilivyokuwa? Watu walitoka mikoani kwa mabasi, kila kijiwe ni kelele, lakini kila mtu alijua lazima itachezwa kwa sababu iko kwenye ratiba ya ligi, na kweli mwezi wa sita ikachezwa. We fikiria Simba wako ligi moja, Yanga wako ligi nyingine kabisa, na dabi inategemea viongozi wa klabu mbili wakubaliane kila baada ya miaka kadhaa kucheza mechi ambayo ubingwa wa ligi zao hauihitaji hata kidogo. Ingekuwepo mpaka leo? Hapa Georgia ndivyo ilivyo, na ipo.

Tuanze basi na hapahapa. Georgia Tech chuo chao kiko katikati ya jiji hili, Georgia wako Athens, kama kilomita 110 kutoka hapa tulipokaa. Mechi ya kwanza ilikuwa 1893, Tech walishinda 28 kwa 6 kulekule Athens, na kwenye kikosi chao alikuwemo daktari wa jeshi anaitwa Leonard Wood ambaye baadaye akaja kuwa mkuu wa majeshi ya ardhini ya Marekani. Mashabiki wa Georgia waliwarushia mawe wageni. Kwahiyo mtu akikwambia chuki imekuja na mitandao mwambie arudi akasome.

Alafu ikaja vita ya kwanza ya dunia. Georgia walisimamisha futiboli 1917 na 1918, wachezaji wakaenda jeshini, Tech wao wakaendelea kucheza. 1919 wanafunzi wa Georgia wakafanya maandamano ya kuwakejeli Tech kwamba wenzenu tulikuwa Ufaransa vitani nyie mlikuwa Atlanta mnacheza mpira. Hilo lilichoma. Vyuo vikavunja uhusiano wa michezo mpaka 1925, na kuanzia hapo wakacheza kila mwaka bila kukosa mpaka 2019. Mwaka 2020 ndo korona ikaukata mnyororo, kwa sababu SEC waliamua mechi zote ziwe za ndani ya konferensi tu. Na hapo nataka msimame kidogo mtafakari. Sio Georgia na Tech tu waliokosa, mechi zote nne nilizotaja hapo mwanzo hazikuchezwa mwaka ule. Mkutano mmoja wa konferensi ukaamua, na mikataba ya majirani ikawekwa pembeni. Sisemi walikosea, lilikuwa janga, ila tuliona mechi hizi zinasimama wapi pale mambo yanapobana.

Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba Tech walikuwa SEC. Tena waanzilishi, toka 1932 konferensi ilipoanzishwa. Kilichowatoa 1964 ni kocha wao Bobby Dodd, yule ambaye uwanja wao unaitwa kwa jina lake, alikuwa hapatani na sheria moja ya konferensi kuhusu ufadhili. Jumla ya wachezaji wenye ufadhili ilikuwa haitakiwi kuzidi 140, lakini kila mwaka unaruhusiwa kuandikisha wapya wengi kuliko nafasi zilizobaki, kwahiyo makocha wengine walikuwa wanaandikisha kundi zima alafu ambao hawajaonyesha kiwango wanaondolewa ili nafasi itoshe. Dodd alikataa. Alisema mtoto aliyeahidiwa masomo atabaki mpaka amalize hata kama mpira haujui. Konferensi haikubadili sheria, Tech wakaondoka. Mi huyu mzee namheshimu sana kwa hilo, na naomba wazazi mlioko hapa ambao watoto wenu wanaanza kutafutwa na makocha mlikumbuke.

Lakini angalieni kilichofuata. Tech wameondoka SEC, wamekaa miaka bila konferensi, wamekuja kuingia ACC na kuanza kucheza futiboli huko 1983, na muda wote huo mechi na Georgia haikuachwa hata mwaka mmoja. Wangeweza kabisa kusema yaishe. Hawakusema.

Na mwaka jana ndo mliona wenyewe. Athens, Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024. Mapumziko Tech wanaongoza 17 kwa bila, robo ya mwisho wanaongoza 27 kwa 13, Georgia ambao wanapigiwa hesabu za ubingwa wa nchi wanazama nyumbani kwao, alafu wakaanza kurudi, dakika za mwisho mpira ukamtoka mkononi kwotabeki wa Tech, yaani yule anayeongoza mashambulizi, Haynes King, ambaye usiku ule alicheza kama watu watatu, Georgia wakasawazisha. Muda wa nyongeza. Wa kwanza, wa pili, na kuanzia wa tatu sheria inabadilika, kila timu inapewa jaribio moja tu la kuingiza pointi mbili kutoka yadi tatu, ukiingiza na mwenzako akakosa umeshinda. Walifika wa nane. Wa nane! Nate Frazier akaingia nayo, Georgia 44 Tech 42. Mi nilikuwa nimesimama toka wa tatu na sikukaa tena. Wale wa Tech mlionuna hapo naelewa, mmepoteza saba mfululizo toka mlivyoshinda kwa pointi moja 2016, lakini ule usiku hamkufungwa kama watu wanyonge.

Mwaka huu zamu ya nyumbani ni ya Tech, na hapa nina neno. Mechi haichezwi Bobby Dodd. Chuo kimeuhamishia mchezo Mercedes-Benz Stadium kwa dili la kama dola milioni 10. Naelewa hesabu zake, vyuo sasa hivi vinawalipa wachezaji, hela inatafutwa kila kona. Ila uwanja wa Bobby Dodd umekaa pale katikati ya jiji zaidi ya miaka 100 na mtani wako anakuja mara moja kila baada ya miaka miwili, we unamtoa nyumbani kwako unampeleka kwenye uwanja wa kukodi. Kwangu hiyo ni dalili. Mechi haijafa lakini imeanza kuwekewa bei, na kitu kilichowekewa bei kinaweza kuuzwa kabisa.

Twende South Carolina. Hawa ndo wanaochukiana kwa ukweli kuliko wote, samahanini watu wa Georgia. Wakati ule Clemson kilikuwa chuo cha kijeshi, wanafunzi wanavaa sare. 1902 South Carolina walishinda, wanafunzi wao wakachora picha ya jogoo, ambaye ndo alama yao, anawika juu ya simbamarara aliyepigwa, ambaye ni alama ya Clemson, wakazunguka nayo mjini. Vijana wa Clemson wakachukua silaha zao za gwaride wakaandamana mpaka chuoni kwa wenzao, hawa nao wakawa wanawasubiri nyuma ya ukuta. Nusura damu imwagike. Polisi na walimu wakaingia kati, kikaundwa kikao cha pande zote mbili, wakakubaliana picha ichomwe moto. Mechi ikafungiwa mpaka 1909. Toka 1909 mpaka 2019 kila mwaka.

Na hawa nao waliwahi kuwa nyumba moja. Vyuo vyote viwili viliianzisha ACC mwaka 1953, South Carolina wakatoka 1971, miaka kibao wakawa peke yao, 1992 wakaanza kucheza SEC.

Mwaka jana kilitokea kitu ambacho ndo picha kamili ya ninachokiongelea leo. South Carolina walienda Clemson wakashinda 17 kwa 14, kwotabeki wao LaNorris Sellers alikimbia nayo mwenyewe ikiwa imebaki kama dakika moja tu, mabeki wanamshika wanamkosa. Wiki iliyofuata Clemson wakashinda fainali ya ACC dhidi ya SMU 34 kwa 31, na mabingwa watano wa konferensi waliopangwa juu zaidi walikuwa na nafasi zao kwenye mtoano wa timu 12 wa kutafuta bingwa wa nchi. Kwahiyo aliyefungwa nyumbani kwake na mtani wake akaingia mtoano, na mtani aliyemfunga akabaki nyumbani. Watu wa SEC walipiga kelele wiki nzima. Mi naona utaratibu ulifuatwa, Clemson walikuwa mabingwa, haki yao. Lakini muulizeni mtu wa Columbia kama angebadilishana, ampe Clemson ushindi wa siku ile ili yeye aingie mtoano. Nimewauliza wengi. Wanacheka tu.

Florida na Florida State nitapita haraka ingawa kwa ubora wa mpira hakuna waliowahi kuwafikia miaka ya 90. Florida State kilikuwa chuo cha wanawake mpaka 1947, Florida hawakuwa na haraka ya kuwapa mechi hao wapya, mpaka 1958 ndo wakacheza. Miaka 36 baadaye, 1994, Florida wanaongoza 31 kwa 3 robo ya mwisho inaanza, ikaisha 31 kwa 31. Alafu 1996 namba 1 na namba 2 nchini wakakutana Tallahassee, Florida State wakashinda 24 kwa 21, kocha wa Florida Steve Spurrier akalalamika hadharani kwamba kwotabeki wake Danny Wuerffel alikuwa anapigwa baada ya mpira kumtoka, na wiki chache baadaye wakapangiwa tena New Orleans kwenye Sugar Bowl, moja ya mechi kubwa za baada ya msimu, safari hii ubingwa wa nchi uko mezani. Florida 52, Florida State 20. SEC dhidi ya ACC kwa jina, lakini nani alikuwa anahesabu konferensi siku ile? Ilikuwa ni jimbo moja limegawanyika nyumba kwa nyumba.

Kentucky na Louisville nalitaja kwa sababu ya ndugu zetu wengi wanaoongea Kiswahili walioko Louisville. Hao walikaa toka 1924 mpaka 1994 bila kukutana uwanjani, miaka 70 kati ya miji ambayo kwa gari haifiki hata saa mbili. Chuo kikubwa hakikuona faida ya kucheza na jirani mdogo. Kumbe jirani mdogo anakua.

Iowa hali ilikuwa hivohivo. Iowa wako Big Ten, Iowa State wako Big 12, na waliacha kucheza 1934 mpaka 1977. Leo nenda Des Moines au Cedar Rapids, kuna Wakongomani na Warundi wengi sana kule, watoto wao wamezaliwa kule, wiki ya mechi hiyo shuleni utaona nusu ya darasa njano na nyeusi nusu nyekundu na dhahabu, na mtoto ambaye baba yake katoka Uvira naye ana upande wake na anautetea kwa nguvu zote. Mwaka jana Iowa State walishinda 20 kwa 19 palepale Iowa City kwa mpira uliopigwa yadi 54 zikiwa zimebaki sekunde chache. Mtoto yule hatausahau maisha yake yote. Ndo namna mtu anavyokuwa wa mahali, wazee wangu, na sisi tunaolea watoto huku tusiidharau.

Sasa tuje kwenye misiba.

Oklahoma na Oklahoma State. Mechi yao ya kwanza ilikuwa 1904 mjini Guthrie, baridi kali, upepo, mpira ukapigwa ukabebwa na upepo ukaangukia kwenye kijito chenye maji ya barafu, wachezaji wa timu zote mbili wakajitosa majini kuugombania, mtu wa Oklahoma akatoka nao na ikahesabiwa pointi. Wakacheza kila mwaka toka 1910. Kila mwaka, vita vya dunia vyote viwili, miaka ya njaa na vumbi, hata 2020 ya korona walicheza maana walikuwa konferensi moja. Alafu 2021 Oklahoma na Texas wakatangaza wanahamia SEC. Mechi ya mwisho Novemba 4, 2023, Oklahoma State 27 Oklahoma 24, mashabiki wakamiminika uwanjani, na kuanzia hapo hakuna tena. Kitu ambacho vita na njaa havikukiua kimeuliwa na mkataba wa tivii.

Pittsburgh na West Virginia, toka 1895, miji iko kama kilomita 120. 2007 West Virginia walikuwa namba 2 nchini, wako nyumbani kwao wanahitaji tu kumfunga Pitt ili wakacheze fainali ya ubingwa, Pitt timu mbovu mwaka ule, wakafungwa 13 kwa 9. Utani wa namna hiyo hautengenezwi na kampuni ya matangazo. Lakini 2011 ukasimama, mmoja kaenda Big 12 mwingine kaenda ACC. Ulivyorudi 2022 watu 70,622 waliingia uwanjani Pittsburgh, rekodi ya mchezo wowote katika jiji lile. Mwaka huu West Virginia wameshinda kwa muda wa nyongeza, na sasa unasimama tena mpaka 2029. Umejaza uwanja kwa rekodi na bado unasimamishwa, sijui tuwape nini zaidi.

Na Kansas na Missouri. Hapa chuki imeanza kabla ya mpira kuwepo. Miaka ya 1850 watu wa pande mbili za mpaka ule walikuwa wanauana kwa sababu ya utumwa, Kansas iingie Muungano ikiwa na watumwa au ikiwa huru. 21 Agosti 1863 William Quantrill aliingia Lawrence na wapanda farasi wake kutoka upande wa Missouri, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150 au zaidi wakauchoma mji. Chuo cha Kansas kiko Lawrence hiyohiyo. Wakaanza kucheza 1891, wakaacha 2011 Missouri walivyokuwa wanaondoka kwenda SEC, na kwa upande wa futiboli imechukua miaka 14. Septemba mwaka huu wamerudi, Missouri 42 Kansas 31, na aliyeiangalia aliona ni mechi ya aina gani, vijana ambao walikuwa watoto wadogo mechi iliposimama wanacheza kana kwamba wamekosewa wao binafsi.

Magharibi ndo kabisa. Pac-12, konferensi ambayo mizizi yake ni ya 1915, ilivunjika ndani ya mwaka na kidogo. USC na UCLA walitangaza kuondoka Juni 2022, konferensi ikashindwa kupata mkataba mzuri wa matangazo, Agosti 2023 Oregon na Washington wakaenda Big Ten, wengine wakakimbilia Big 12 na ACC, wakabaki wawili tu, Oregon State na Washington State. Kwahiyo dabi ya Oregon na dabi ya Washington kwa usiku mmoja zikageuka mechi za konferensi tofauti. Zimetolewa mwisho wa Novemba zikapelekwa Septemba, kwenye jua. Lakini mwaka wa kwanza wa utengano, 2024 Seattle, Washington wako mlangoni kabisa mwa goli wanahitaji kusukuma tu, Washington State waliotelekezwa wakawazuia, 24 kwa 19. Niambie hiyo mechi haina thamani kwa sababu haihesabiki kwenye msimamo wa konferensi. Kwa wale jamaa ilikuwa ndo msimu wote.

Sasa kuna mtu ataniambia, we mzee, mbona hiki ndo kipindi cha konferensi kwa konferensi, SEC na Big Ten, huo ndo upinzani mkubwa. Sikatai upo. SEC walichukua ubingwa mara saba mfululizo kuanzia msimu wa 2006 mpaka 2012, mashabiki wao wakazoea kuimba herufi tatu za konferensi yao mechi ikiisha. Msimu wa 2014 Ohio State, wakiwa na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, wakawafunga Alabama 42 kwa 35 na Big Ten wote wakatembea kifua mbele. Ubingwa wa msimu wa 2023 wakachukua Michigan, wa 2024 Ohio State, wote Big Ten. Desemba 2023 Florida State walimaliza bila kufungwa, mechi 13, mabingwa wa ACC, kamati inayochagua timu za mtoano ikawaacha ikachukua Alabama ya SEC iliyofungwa mara moja. Mi sio shabiki wa Florida State ila sitakaa nikubali kwamba ile ilikuwa haki. Kwotabeki wao aliumia, sawa, lakini timu ilishinda mechi zote zilizowekwa mbele yake.

Ila angalieni ubishi huu umejengwa juu ya nini. Big Ten mkataba wao wa matangazo ulioanza 2023 unatajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. SEC nao wana wao. Wanachogombania ni nafasi kwenye mtoano na hela ya mtoano. Zamani ilikuwa tofauti, Rose Bowl kuanzia Januari 1947 ilikuwa bingwa wa Big Ten anasafiri mpaka Pasadena kukutana na bingwa wa pwani ya magharibi, siku ya mwaka mpya, watu walitunza hela mwaka mzima waende wakaone jua na milima. Hiyo ilikuwa konferensi kwa konferensi yenye heshima. Januari 1 mwaka huu Rose Bowl ilikuwa Ohio State na Oregon, 41 kwa 21, na wote wawili ni Big Ten. Kwahiyo hata uwanja uliokuwa wa kukutanisha pande mbili za nchi umemezwa na upande mmoja.

Ndo maana nasema tusiache ubishi wa herufi za konferensi utufunike. Sijawahi kuelewa mtu wa Auburn anayewashangilia Alabama, watani wake wa jadi, eti kwa faida ya SEC.

Na hatari iliyo mbele ni hii. Agosti mwaka huu SEC wametangaza kuanzia 2026 watacheza mechi 9 za ndani, na ACC nao wanaelekea hukohuko. Kwa Georgia, Florida, South Carolina na Kentucky maana yake ni mechi 9 za SEC ambazo kila moja ni vita, ukiongeza mtani wa ACC ni 10, zinabaki mbili. Sasa hivi wote wanasema watani wanabaki. Nawaamini leo. Lakini kocha akifungwa mechi tatu, akakosa mtoano kwa sababu ya kufungwa na jirani wiki ya mwisho, ataanza kuuliza kwa nini tunajiumiza, wenzetu wiki hiyo wanacheza na timu ndogo. Swali hilo litakuja, nawahakikishia. Ukiwa na tiketi ya msimu, ukiwa mwanafunzi, ukiwa mhitimu unayechangia chuo chako, wewe ndo utaulizwa unataka nini, na ujibu kwa sauti kubwa kuliko kocha.

Basi mi niishie hapo. Maswali yalikuwa mengi, nitaweka moja tu. Kijana mmoja anayesoma Oklahoma aliuliza mechi yao na Oklahoma State itarudi lini. Nilimjibu hivi. Texas na Texas A&M walirudiana mwaka jana baada ya kukaa toka 2011, lakini hao walirudishwa na Texas kuingia SEC, yaani wamekuwa tena nyumba moja. Nyie hamna njia hiyo, njia yenu ni ya Kansas na Missouri, mkataba wa mikono miwili. Na mwakani Oklahoma wana mechi 9 za SEC na wana safari ya Ann Arbor kwenda kurudiana na Michigan, ambao Oklahoma waliwafunga Septemba hii 24 kwa 13, kwahiyo nafasi nzito ya nje imeshachukuliwa. Akaniambia kwao Stillwater babu yake bado ameacha siku ya mechi ile wazi kwenye kalenda yake. Nikamwambia amsaidie babu aandike barua, apeleke vyuo vyote viwili, na asisahau nakala kwa mbunge wao wa jimbo.